Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Polishi, Nibadilishe au Nibaki Nayo?

Mwezi huu meseji nyingi zilizoingia ni za mashine za polishi, na karibu zote zimetoka kwa watu wa hobi, sio mafundi wa gereji, yaani mtu anapolishi gari lake na la shemeji wikiendi basi. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake imebeba maswali ya wengi.

Shikamoo fundi. Mi nipo Tabata, nina Crown Athlete nyeusi naipolishi mwenyewe kwa mashine ya DA (dual action, ile inayozunguka huku inachezacheza) ya Kichina, kwenye boksi wameandika 8mm na wati 900, niliichukua Kariakoo kwa bei ya kutupa. Inafanya kazi ila boneti peke yake inanila asubuhi nzima, mikono inakufa ganzi kwa mtetemo, afu ukiliangalia gari juani ile mikwaruzo ya duara bado ipo, imepungua tu. Sasa nimedunduliza laki sita. Mshkaji wangu mmoja anasema chukua ya 21mm umalize kazi, mwingine anasema achana na DA nunua rotari ya Makita kama mafundi wa ukweli. Nifanyeje?
*Mzee wa Crown, Tabata*

Marahaba mdogo wangu. Umeniletea malalamiko mawili ukayafunga kamba moja, ngoja niyafungue. Kuchelewa na mikono kufa ganzi, hilo ni la mashine kweli. Ila mikwaruzo kubaki kwenye Crown nyeusi, hapo siilaumu mashine haraka hivyo, na kama ukienda kununua mpya ukitegemea ndo itafuta mikwaruzo utakuja kuniandikia tena.

Fungua boneti tafuta kile kibati cha chasisi, angalia namba ya rangi palipoandikwa COLOR au C/TR. Kama ni 202 basi umeshika nyeusi ya Toyota inayojulikana dunia nzima kwa ulaini. Rangi laini inakwaruzika kirahisi lakini inapolishika kirahisi pia, kwaiyo hata hiyo 8mm yako ina uwezo wa kuisafisha. Sa kwanini bado unaona mistari? Mi naona sababu mbili. Moja ni sahani, ile inayobeba pedi. Hizi mashine za bei rahisi nyingi zinakuja na sahani kubwa ya inchi 6 na pedi ya inchi 7, na mota haina ubavu wa kuzungusha mzigo wote huo, ukikandamiza kidogo tu pedi inaacha kuzunguka inabaki inatetemeka pale pale. Chukua maka peni piga mstari mmoja mnene ubavuni mwa sahani, washa, polishi huku unauangalia. Ukiona mstari umesimama unasomeka vizuri, jua hapo hupolishi, unapaka tu dawa kwenye gari. Nunua sahani ya inchi 5 na pedi ya inchi 5 na nusu au chini yake, nenda na nati ile ile au mashine yenyewe dukani uhakikishe uzi unaingia, manake kuna za M8 na kuna za kipimo cha Kimarekani cha 5/16 na kwa macho zinafanana.

Sababu ya pili ni unavyofuta. Kwenye 202 taulo kavu la maikrofaiba la bei chee, au lililoanguka chini ukalikung'uta ukaendelea nalo, linachora mikwaruzo mipya juu ya kazi uliyoimaliza dakika hiyo hiyo. Na kama gari likitoka hapo linaenda kwa vijana wa kuosha wenye sponji moja ya rimu na bodi, au kila asubuhi mtu anapangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, hata ukinunua mashine ya milioni mbili utabaki unapolishi mikwaruzo ya wiki hiyo hiyo. Kwaiyo kabla hujatoa hela jaribu kipande cha boneti cha sentimita 50 kwa 50, sahani ndogo, pedi laini mpya, dawa ya kumalizia sio kompaundi kali, spidi ya 4 au 5, tembeza mkono taratibu kabisa, pita pasi nne tano zinazopishana, afu futa kwa maji yaliyochanganywa na spiriti ya isopropili uondoe mafuta ya dawa ndo uangalie kwa tochi. Mafuta yanaficha sana mikwaruzo, ndo maana gari linatoka gereji linang'aa, likioshwa mara mbili ugonjwa unarudi.

Kile kipande kikitoka safi, basi tatizo lako limebaki muda na ganzi tu, na hapo sasa nunua mashine kwa roho safi.

Nunua ipi? 15mm. Nitakwambia kwanini sio 21. Ile namba ni upana wa duara ambalo sahani inacheza wakati yenyewe inazunguka, ikiwa kubwa pedi inasafiri zaidi kwa kila mzunguko, inafanya kazi haraka, haichemshi sehemu moja. Waliozipa umaarufu hizi za mchezo mkubwa ni Waitaliano wa Rupes na mashine zao za LHR15 na LHR21, na ukiangalia walivyozipanga utaelewa wenyewe walikuwa wanawaza nini, ya 15 ina sahani ya milimita 125, ya 21 ina sahani ya milimita 150 na inabeba pedi ya mpaka 180. Hiyo 21 ni raha juu ya Hiace, juu ya boneti ya Land Cruiser, mtu mwenye gari kubwa bapa anaruka nayo tu. Ila Crown ina nguzo nyembamba za vioo, ina mikunjo ubavuni, ina bampa la mbele lenye vishimo vishimo, kote huko 21 haienei na utaishia kushika kingo, na kwenye kingo ndo klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi, inakuwa nyembamba kuliko kwingine. Mwenye 15 anafika karibu kila mahali, sehemu zilizobaki anamalizia na mkono au na kimashine cha inchi 3. Kwa mtu wa hobi mwenye mashine moja tu sioni mjadala.

Rotari sasa. Makita 9237CB ni mashine nzuri sana, sina ugomvi nayo, wati 1200, mizunguko 600 mpaka 3000 kwa dakika, itakuzika na bado inafanya kazi. Lakini inazunguka duara moja tu bila kucheza, joto linakusanyika haraka, na kwenye nyeusi laini inaacha ule ukungu unaotembea na jua, mafundi wanauita hologramu, afu unahitaji DA kuja kuutoa. Klia ya gari iliyotoka kiwandani Japani ni kama mikroni 30 mpaka 50 hivi ndani ya rangi nzima ya mikroni mia na kitu, unywele wa kichwa chako mara nyingi ni mnene kuliko hiyo klia. Fundi anayeshika rotari kila siku anaihisi kwa mkono, wewe wa Jumamosi moja kwa mwezi sio ligi yako hiyo, samahani.

Hela yako igawe. Usiweke zaidi ya theluthi mbili kwenye mashine, kilichobaki kiende kwenye pedi na taulo. Watu wananunua mashine kali afu wanafanya gari zima kwa pedi mbili, pedi imeshalowa dawa na rangi iliyong'olewa, imechemka, imelegea katikati, wanashangaa kazi haiendi. Kwa Crown nzima uwe na pedi tano sita za kukata na mbili tatu za kumalizia, na kibrashi cha kuisugua pedi kila ukimaliza kipande. Rupes yenyewe kwa laki sita usiiwaze, na ukiuziwa "Rupes" kwa hela hiyo mtaani ujue umeuziwa feki, ganda la bluu tu la kuiga. Ila za Kichina za 15mm zipo ambazo ni kazi, hasa zile zinazouzwa na kampuni zinazoishi kwa mashine za polishi tu.

Ukifika dukani mwambie muuzaji achomeke. Wati za kwenye boksi zisikutishe, wanaandika wanavyotaka. Weka pedi, washa spidi ya chini, iangalie kama inaanza taratibu au inaruka kama mbuzi, nzuri zinaanza taratibu ili dawa isirukie ukutani. Panda spidi 4, kandamiza pedi kwenye kitu bapa, sikiliza mota, ikishuka pumzi vibaya iache hapo. Shika shingo ya mashine dakika mbili nzima, sio sekunde kumi, ndo utajua kama ganzi imekufuata au la. Afu uliza swali ambalo wengi hawaulizi, sahani ya akiba na kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota, zinapatikana? Kaboni zinaisha, hilo halikwepeki, na mashine isiyo na kaboni za kubadilisha inakufa siku kaboni zinapokufa labda fundi akukatie za drili azichonge.

Hiyo 8mm usiiuze. Ifunge sahani ya inchi 3, itakuwa ndo mashine yako ya nguzo na bampa.

Asalaam aleikum ndugu. Mimi niko Kisauni, Mombasa. Shemeji yangu aliyeko Minneapolis kaniletea mashine ya Porter-Cable 7424XP, mpya kabisa kwenye boksi, lakini nimeona imeandikwa 120V. Jirani aniambia nikate plagi nitie ya kwetu ya pini tatu nitumie. Nimesita. Na je hii ni bora kuliko za Kichina za hapa, ama nimuuzie mtu ninunue nyengine?
*Baba Salma, Kisauni*

Waaleikum salaam ndugu yangu, na umefanya vizuri kusita. Umeme wa Kenya ni volti 240 kwenye soketi, na Tanzania 230, mashine ya 120 ukiichomeka hapo moja kwa moja inazunguka kwa furaha sekunde chache kisha moshi, na mota yake kwenda kusukwa upya mara nyingi hailipi kulingana na bei ya mashine nyingine. Plagi ikatwe isikatwe, umeme ni ule ule.

Utahitaji transfoma ya kushusha, ile ya kweli ya waya na chuma, nzito, sio vile viadapta vidogo vya msafiri ambavyo vimetengenezwa kwa ajili ya pasi au kikausha nywele. Mashine yako inakula ampia 4.5, yaani kama wati 500 na kitu, basi tafuta transfoma ya wati 1000 usiibane. Hilo la umeme wa Marekani kuwa hezi 60 na wetu 50 lisikusumbue, mota ya kaboni haijali.

Kuhusu ubora, 7424XP ni mashine ya heshima, kwa miaka mingi ndo ilikuwa ya kwanza kwa Wamarekani wengi wa hobi, ngumu haifi ovyo. Ila ni ya milimita 8 na ina mtetemo wake, haina kasi ya hizi mpya. Kama gari lako ni moja na huna haraka, mi ningenunua transfoma na sahani ya inchi 5 nikakaa nayo, na shemeji akiuliza anaambiwa inafanya kazi. Kama ndo unaanza kufanya na magari ya majirani kwa vihela vidogo, kubeba transfoma la kilo kadhaa Bamburi na Nyali kutakuchosha mapema, hapo muuzie mtu anayekaa sehemu moja. Kumuuzia mwambie ya volti ngapi, tafadhali.

Fundi, naweza kufunga sponji kwenye grenda? Nimeona jamaa anafanya hapa kwetu Msamvu.
*Morogoro*

Hapana. Grenda ndogo inakwenda mizunguko elfu 11 kwa dakika, rotari ya polishi unafanyia kazi kwenye 1000 mpaka 1500. Huyo jamaa muulize wateja wake wanarudi?

Sasa fundi. Mimi ni dada wa Nairobi, South B, niko na Forester na nimeshapita hiyo stage ya kuanza, niko na 15mm yangu nzuri sana. Shida ni mikunjo ya milango na mabega ya bampa, mashine inasimama kuzunguka hata nikiweka pressure kidogo. Nimesoma kuhusu Flex XC 3401 yenye inazungushwa na gia kwa lazima. Niuze yangu ninunue hiyo?
*Wambo wa Forester*

Dada yangu, swali lako limenifurahisha manake unajua tayari ugonjwa uko wapi. Mashine kama yako sahani inazunguka kwa hiari yake, mota inaichezesha tu na mzunguko unakuja wenyewe, kwaiyo ukigusa mkunjo pedi inashikwa upande mmoja, inasimama. Flex 3401 ni ya Kijerumani, inacheza milimita 8 na gia zinaizungusha itake isitake, mkunjo haiusimamishi. Kwa rangi ngumu kama za Mercedes na magari mengi ya Kijerumani ni silaha nzito.

Lakini wewe una Subaru, na rangi ya Subaru kwa kawaida ni laini. Mashine ya lazima inachemsha zaidi, inatembea yenyewe inataka kukuvuta upande, inachosha mabega, na kwenye rangi laini mara nyingi lazima urudi tena na mashine ya hiari kumalizia. Sasa unauza ya kumalizia ili ununue ya kukata ambayo gari lako halihitaji sana, mi hapo sikuungi mkono.

Jaribu hivi kwanza. Punguza pedi, kama una ya inchi 6 weka ya inchi 5 nyembamba, pedi nene inajikunja kwenye mkunjo na kula nguvu yote. Panda spidi moja juu ukifika hapo, acha uzito wa mashine wenyewe ukandamize, na geuza mwili wako mashine ikae bapa kwenye upande mmoja wa mkunjo kisha upande wa pili, usijaribu kuupanda mkunjo katikati. Ikishindikana kabisa kuna mashine zenye swichi ya kuchagua, hiari na lazima kwenye mashine moja, Makita wanayo PO6000C, hiyo itakufaa zaidi ya 3401 kama bajeti inaruhusu mashine moja tu. Na kama mashine za pili zinaruhusiwa kwenye hiyo nyumba yako, nunua ndogo ya inchi 3, hata ya kawaida, South B nzima itakuja kukuazima.

Kitu kingine, kabla hujaweka presha yoyote kwenye bampa, kumbuka bampa ni plastiki, halipoi haraka kama bati, na mabampa mengi ya magari yetu ya mtumba yameshapigwa rangi huku kwetu, huijui klia yake ni ya nani. Kile kipimo cha unene wa rangi cha kawaida hakisomi kwenye plastiki, kwaiyo hapo unategemea jicho na kiganja tu. Gusa na mkono kila baada ya kipande, ikiwa ya moto ya kukutoa mkono, ondoka hapo nenda mlango mwingine.

Assalaam aleikum. Nipo Muscat, nina Land Cruiser nyeupe. Nimebadilisha mashine kutoka ile ndogo mpaka 21mm, nimefurahi sana, lakini pedi inatoka nyeupe kama chaki na dawa inakauka kabla sijamaliza kipande. Mashine ina nguvu kupita kiasi? Natoa rangi ya gari?
*Mtu wa Muscat*

Waaleikum salaam. Hiyo 21 kwa Land Cruiser umepatia, furahi tu. Angalia kibati, kama imeandikwa 040 hiyo ni nyeupe ya Toyota ambayo kwenye magari mengi haina klia juu, rangi yenyewe ndo imekaa juu, kwaiyo ukipolishi lazima pedi iwe nyeupe, hata kwa mkono na kitambaa ingekuwa nyeupe. Ni kawaida. Cha kuangalia ni kingo, piga tepu ya karatasi kwenye kingo za milango na ile mistari mikali ya boneti, usikae hapo na 21. Na pedi inajaa haraka kuliko kwenye gari lenye klia, piga brashi kila kipande na ibadilishe mapema.

Dawa kukauka ni joto la huko kwenu na sio mashine. Bati lililokaa juani Muscat mwezi wa sita huwezi kuligusa, na dawa ikiguswa na bati hilo maji yake yanaondoka palepale. Fanya alfajiri au usiku ndani ya gereji na taa, gari lioshwe na lipoe kwanza, punguza kipande kiwe nusu ya unavyofanya sasa, shusha spidi moja, na pulizia pedi maji mara moja tu kabla hujaanza. Ikiendelea kukauka, badilisha dawa tafuta yenye muda mrefu wa kufanyia kazi, wauzaji wa huko wanazijua manake wateja wao wote wana shida hiyo hiyo.